Mafundisho ya Islam juu ya Kununua, Kuuza na Kulinda Nyumba

Katika sura An-Nahl, aya ya 81, Mwenyezi Mungu anawakumbusha wanadamu neema moja ambayo wengi huisahau kwa sababu wanaiona kila siku: kwamba Yeye ndiye aliyezifanya nyumba zao ziwe mahali pa kupatia utulivu. (Sisi twahesabu Bismillahi kuwa aya ya kwanza, mwenye msahafu usiohesabu hivyo na atazame aya moja nyuma.) Basi nyumba si matofali na mabati tu. Ni neema itakayoulizwa, na njia iliyotumika kuipata itaulizwa pia.

Nimeanza hivyo kwa sababu ya barua niliyoipokea kutoka kwa ndugu yetu mmoja anayelima kahawa karibu na Mbozi Mission, katika Mkoa wa Songwe. Kwa msomaji asiyepafahamu mahali hapo, jina hilo linatokana na kituo cha wamisionari wa Kimoraviani kilichoanzishwa mwaka 1899, ambako Traugott Bachmann alifanya kazi kati ya Wanyiha kwa miaka mingi. Mpaka leo Waislamu na Wakristo wote hulitaja jina hilo bila ya kufikiri. Zamani Mbozi ilikuwa katika Mkoa wa Mbeya. Tangu mwaka 2016 imo katika Mkoa wa Songwe, na makao makuu ya mkoa yako Vwawa.

Ndugu huyo aliweka akiba ya misimu mitatu ya kahawa, kisha akanunua nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba vitatu pamoja na shamba dogo la mibuni nyuma yake. Muuzaji alikuwa kijana, mtoto wa kwanza wa mzee aliyekuwa amefariki. Mapatano yaliandikwa katika karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule, na mashahidi walikuwa marafiki wawili wa muuzaji. Siku alipofika na godoro lake, alimkuta ndani mama mjane na binti zake wawili. Mama akasema kwamba hana habari ya kuuzwa kwa nyumba, na kwamba hatoki. Muuzaji alikuwa amekwisha vuka Tunduma kwenda Zambia na fedha zote. Baadhi ya watu wakamshauri ndugu yetu akusanye vijana, avunje mlango. Naye, Mwenyezi Mungu amlipe kheri, badala ya kukusanya vijana akaandika barua akiuliza: "Fedha yangu ni ya halali, na karatasi ninayo. Je, dini yaniruhusu kumtoa?"

Jibu ni kwamba hairuhusu. Fedha ya halali hainunui kitu kisicho mali ya mwenye kuuza. Hakim bin Hizam r.a. alipomwuliza Mtume Mtukufu s.a.w. juu ya mtu anayetakiwa kuuza kitu asichokuwa nacho, alikatazwa kuuza kitu hicho. Marehemu aliacha mjane na watoto kadhaa. Kijana yule alikuwa mmoja tu kati yao. Hata sheria ya nchi yasema hivyo hivyo: mali ya marehemu haiuzwi na mrithi mmoja kwa hiari yake, bali na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, tena kwa faida ya warithi wote. Na yeyote mwenye kufikiri kuwa mwanamke hana sehemu katika ardhi ya mumewe au ya baba yake kwa sababu ya mila, na ajue kwamba Kurani Tukufu ilikwisha mpa sehemu katika sura An-Nisaa zaidi ya miaka 1400 iliyopita, na kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaibatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kupata na kutumia ardhi. Anayemtoa mjane kwa nguvu hudhulumu mara mbili. Mtume Mtukufu s.a.w. ameonya kwamba mwenye kunyang'anya shibiri moja tu ya ardhi atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Sijui ni nani mwenye shingo ya kubeba chumba kizima, seuze vyumba vitatu.

Lakini kumwambia ndugu yetu kuwa amekosea bila ya kumwonyesha jinsi ambavyo angepata usalama ni kazi nusu. Ndiyo sababu ya makala hii.

Maandishi na mashahidi

Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani Tukufu, yaani aya ya 283 ya sura Al-Baqara, haizungumzii sala wala saumu. Inazungumzia kuandikiana. Imeagiza deni la muda liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mashahidi wapatikane na wasikatae waitwapo, watu wasichoke kuandika hata jambo likiwa dogo, na watu wauzianapo washuhudishe. Nimewahi kusikia Waislamu wakisema, "Sisi ni ndugu, ya nini karatasi?" Aya hii iliteremshwa kwa masahaba r.a., ambao udugu wao ulikuwa na nguvu kuliko udugu wetu, na bado waliambiwa waandike.

Kuna mambo mawili katika aya hiyo ambayo wasomaji wengi huyapita haraka. La kwanza ni kwamba anayetamka maneno ya kuandikwa ni yule aliye na wajibu juu yake, siyo mwenye kudai. Hekima yake ni kwamba mtu aliyetamka kwa kinywa chake hawezi kesho kusema hakuelewa. Basi katika mauzo ya nyumba muuzaji na atamke mwenyewe anachokiuza, na mnunuzi mwenye salio atamke mwenyewe kiasi kilichobaki na siku atakayolipa. Jambo la pili ni kwamba mashahidi wawe wale mnaowaridhia, yaani pande zote mbili. Mashahidi wa ndugu yetu waliridhiwa na muuzaji peke yake. Ndugu yetu hakuwajua hata majina ya baba zao.

Kwa maoni yangu mashahidi walio bora katika mambo ya ardhi ni majirani wa pande nne. Wao ndio wanaojua mpaka ulipo na nani aliishi hapo tangu zamani, tena wao ndio watakaogombana nawe kesho kama hawakuulizwa leo. Laiti ndugu yetu angebisha hodi kwa jirani mmoja tu, angeambiwa juu ya mjane yule kabla chai haijapoa.

Karatasi yenyewe iwe na majina kamili ya wanaopatana na ya wake au waume zao, tarehe na mahali, vipimo vya kiwanja na majina ya wanaopakana nacho, bei kwa tarakimu na kwa maneno, kiasi kilichotolewa, kiasi kilichobaki, na siku ya kukabidhiana ufunguo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haiutambui mkataba wa kuuziana ardhi usioandikwa. Fedha ni afadhali ipitie benki, kwani kumbukumbu ya benki haisahau wala haihongwi.

Huko Mbozi liko jambo moja zaidi. Mwenye kununua nyumba aghalabu hununua na mibuni. Je, kahawa iliyokwisha zaa siku ya mauzo ni ya nani? Mtume Mtukufu s.a.w. alikwisha kata shauri la namna hiyo kuhusu mitende: mitende iliyokwisha chavushwa ikiuzwa, matunda ya msimu ule ni ya muuzaji, isipokuwa kama mnunuzi ameshurutisha yawe yake. Basi na ishurutishwe, na iandikwe. Nimeona majirani wakiacha kusalimiana kwa sababu ya magunia mawili ya kahawa ambayo yangemalizwa na mstari mmoja wa wino.

Kuijua ardhi yenyewe

Kabla ya kutazama rangi ya kuta, mnunuzi na aulize: ardhi hii ni ya kijiji au ni ya mji uliopangwa? Maana njia za kununua si moja.

Ardhi ya vijiji ina historia yenye machungu. Watu walipohamishiwa katika vijiji katika miaka ya 1970, wengi waliacha mashamba ya asili wakapewa mengine, na madai ya zamani hayakufa. Serikali ilijaribu kuyafuta kwa sheria mwaka 1992, lakini mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Lohay Akonaay, iliamua kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Kisha zikatungwa sheria mbili za mwaka 1999, Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001. Hii ya pili yasema wazi kuwa haki ya kimila ina hadhi sawa na haki ile itolewayo na Serikali. Nayo Wilaya ya Mbozi ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza kabisa nchini palipochaguliwa kuijaribu sheria hiyo kwa vitendo, mipaka ya vijiji ikapimwa, na wakulima wakaanza kupewa hatimiliki za kimila. Kwa hiyo mtu wa Mbozi hana udhuru wa kusema hajapata kuisikia hatimiliki hiyo.

Anayenunua katika ardhi ya kijiji, hasa akiwa mgeni, asidhani kwamba amemaliza kazi akimlipa muuzaji. Halmashauri ya Kijiji ndiyo inayoisimamia ardhi hiyo, na mtu asiyekuwa mkazi wa kijiji hawezi kuhamishiwa haki ya kimila bila ya idhini yake. Na aende ofisi ya kijiji, aombe kwa maandishi, asubiri kikao, apewe jibu lililoandikwa. Akidaiwa ada, na adai stakabadhi ya halmashauri. Fedha isiyo na stakabadhi ni rushwa hata ikipewa jina la chai, na katika aya ya 189 ya Al-Baqara tumekatazwa kuwapelekea wenye mamlaka mali ili tupate kula kwa dhambi sehemu ya mali za watu.

Katika miji kama Vwawa, Mlowo na Tunduma, kiwanja kilichopimwa huwa na barua ya toleo au hati. Karatasi hizo zaweza kughushiwa. Basi usiridhike kuonyeshwa. Chukua namba ya kiwanja uende ofisi ya ardhi ukaombe upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Humo utaona jina la mwenye nyumba, na kama nyumba imewekwa rehani au imewekewa zuio. Ada ya upekuzi ni ndogo. Dalali akikuambia hakuna haja ya kuulipia, hiyo peke yake ni sababu ya kuulipia.

Tazama pia kinachopakana na kiwanja. Barabara kuu iendayo Tunduma ina hifadhi ya mita 60, yaani 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 na kupita Vwawa na Tunduma, ina hifadhi yake. Ukingo wa mto nao una mita 60 zisizoruhusiwa kujengwa kwa mujibu wa sheria ya mazingira ya mwaka 2004. Kiwanja cha bei rahisi kilicho karibu sana na barabara mara nyingi ni rahisi kwa sababu mwenyewe amekwisha ona alama ya X ikija. Na huko Tunduma, ambako biashara imechanganya watu wa nchi mbili, ikumbukwe kwamba asiyekuwa raia haruhusiwi kumiliki ardhi ya Tanzania ila kwa ajili ya uwekezaji na kwa utaratibu wake. Kumwazima mgeni jina lako ili anunue ni uwongo, nao huishia mahakamani.

Kwa anayeuza

Maonyo mengi huwaendea wanunuzi, lakini Islam yamkamata muuzaji kwa nguvu zaidi. Mtume Mtukufu s.a.w. amefundisha kuwa wauzianao wakisema kweli na kubainisha, biashara yao hubarikiwa, na wakificha na kusema uwongo, baraka yake hufutwa. Kupiga lipu mpya juu ya ufa wa msingi ili mnunuzi asiuone ni kuficha. Kunyamaza juu ya kisima kinachokauka kila Oktoba pia ni kuficha.

Tena yuko jirani. Imo katika Sahih Bukhari habari ya Abu Rafi r.a., aliyekuwa na vyumba viwili katika uwanja wa Saad bin Abi Waqqas r.a. Alimtaka Saad avinunue. Saad akasema hatatoa zaidi ya elfu nne, tena kwa mafungu. Abu Rafi alikuwa amekwisha pewa ahadi ya dinari 500 na mtu mwingine, bei iliyo kubwa zaidi, lakini alimwuzia Saad kwa sababu alimsikia Mtume s.a.w. akisema kuwa jirani ana haki zaidi kwa ajili ya ukaribu wake. Simlazimishi mtu apate hasara kama Abu Rafi. Walakini kumwuliza jirani kwanza hakugharimu kitu.

Mwenye mke asiuze nyumba ya ndoa kwa siri. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba wanayoishi bila ya ridhaa ya mwenziwe, na mke anaweza kuiwekea zuio. Mnunuzi anayeambiwa, "Mke wangu yuko safarini, tusimngojee," na angoje.

Na fedha ya mauzo iende wapi? Katika Sunan Ibn Majah imo Hadithi ifundishayo kwamba mwenye kuuza nyumba au ardhi kisha asiitie thamani yake katika kitu cha namna hiyo, hatabarikiwa katika fedha hiyo. Wazee wa vijijini wanaifahamu maana yake hata wasioijua Hadithi yenyewe. Wamewaona vijana waliouza kiwanja cha baba wakanunua pikipiki. Pikipiki sasa ni chuma chakavu, na kiwanja kina nyumba ya mtu mwingine.

Kuilinda

Katika Januari 1900 huko Qadian, jamaa za Seyidna Ahmad, Masihi Aliyeahidiwa a.s., walijenga ukuta mbele ya nyumba yake, wakaifunga njia ya kwendea msikitini. Wageni na wenye kusali walilazimika kuzunguka mbali. Wafuasi wake wangeweza kuubomoa kwa mikono yao usiku mmoja. Yeye aliwakataza, akaenda mahakamani Gurdaspur. Shauri lilikuwa gumu, maana ilionekana kuwa kiwanja ni cha wapinzani peke yao. Ndipo wakili wake, Khwaja Kamaluddin, alipoitazama faharasa ya shauri la zamani, ikaonekana humo kwamba baba yake Seyidna Ahmad a.s. naye alikuwa akikimiliki kiwanja kile. Katika Agosti 1901 ukuta ulibomolewa kwa amri ya mahakama, na wale wale walioujenga ndio walioubomoa. Walipodaiwa gharama za shauri, yeye aliwasamehe.

Habari hii ina faida kubwa kwa mwenye nyumba. Karatasi ya zamani ya baba yako, hata kama imeliwa na mende pembezoni, usiitupe. Weka asili yake mahali pasipofika maji wala moto, na nakala kwa mtu unayemwamini. Ukiingiliwa mpaka, usichukue panga, wala usikae kimya kwa miaka. Madai ya ardhi hufa baada ya miaka 12. Nenda kwanza Baraza la Ardhi la Kijiji, lenye wajumbe saba ambao watatu wao ni wanawake, kazi yake ikiwa ni kusuluhisha. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya mwaka 2021, husuluhisha tu, halikati hukumu. Likishindwa ndipo shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Neno moja juu ya moto. Katika Medina nyumba iliungua usiku na watu wake wamo ndani. Mtume Mtukufu s.a.w. aliposikia akaagiza moto uzimwe kabla ya kulala. Mbozi ni nchi ya baridi, na katika Juni na Julai watu huingiza jiko la mkaa chumbani wakafunga madirisha. Hewa yake yenye sumu haina harufu, humwua mtu akiwa usingizini bila ya nyumba kuungua hata kidogo. Jiko na libaki nje.

Sasa nirudi kwa ndugu yetu. Nilimshauri aende Baraza la Kijiji, si kumdai mjane, bali kumdai muuzaji mbele ya ukoo wake. Walikaa vikao vitatu. Baba mdogo wa kijana yule alikubali kurudisha sehemu ya fedha kwa niaba ya ukoo. Mama mjane mwenyewe, alipoona kuwa mtu huyu hakuja na vijana wala panga, alimruhusu kuvuna mibuni ya nyuma ya nyumba kwa misimu miwili ili apunguze hasara, na jambo hilo likaandikwa, majirani wanne wakatia saini. Msimu wa pili ulipokwisha alimrudishia mama ufunguo wa ghala. Ameniandikia tena hivi karibuni kwamba ameona kiwanja kingine. Bado hajatoa hata shilingi, anasema; anangoja kikao cha Halmashauri ya Kijiji.